Lori Lililochoka Likishiba

Mteja akikuambia gari lake limepoteza nguvu, usikimbilie spana. Muulize kwanza. Linapotezea wapi hizo nguvu? Likiwa na mzigo au likiwa tupu? Asubuhi likiwa baridi, au likishatembea? Linakatika ghafla, au linafifia polepole kama mtu anayesinzia kanisani? Moshi ukoje? Ukishauliza, nyamaza. Mwache aseme, hata yale unayoona hayahusu. Mimi nimefanya kazi ya injini za dizeli hapa Arusha mpaka magoti yalipokataa kunishusha chini ya gari, na kila nilipopoteza muda bure ilikuwa kwa sababu niliacha kusikiliza mapema mno.

Najua ninyi vijana mna kompyuta. Mnachomeka waya, mnasoma namba, mnajua sensa ipi imekufa. Sina ugomvi nayo. Ningekuwa nayo enzi zile ningepata usingizi. Lakini siku moja mtaletewa gari ambalo halina hata tundu la kuchomekea huo waya, na dereva wake atakuwa amesimama pembeni akiwatazama usoni. Kwa ajili ya siku hiyo, kaeni niwasimulie habari za Koplo.

Kwanza mnijue mimi. Sikusomea ufundi popote. Nyuma ya nyumba tuliyopanga mtaa wa Daraja Mbili palikuwa na injini ya lori iliyotelekezwa, kuku wa jirani wakitagia ndani yake. Nikaomba ruhusa, nikahamisha mayai, nikaifungua. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Haikuwahi kuwaka, maana bloku lilikuwa limepasuka, lakini hiyo ndiyo shule yangu. Na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui ni lini inatosha. Mwenzake mwenye cheti ana karatasi ya kumwambia, umeshajua, nenda nyumbani. Mimi sikuwa na wa kuniambia, kwa hiyo nilirudia. Nikaze nati, niirudie. Nipime nafasi za vali, nifunge, nikae nile, chakula kisishuke, nirudi nifungue. Boliti nilizipanga juu ya kitambaa safi, na mtu akisogeza moja moyo unanienda mbio. Wenzangu gereji waliniita Hebu Tena, kwa sababu ndilo neno lililokuwa mdomoni mwangu kutwa nzima. "Hebu tena, piga stata." "Hebu tena, kanyaga mafuta." Kuna wateja waliodhani ni jina la ukoo.

Mikono ilikuwa imara. Kichwa ndicho kilichotetemeka. Nawaambia hivi kwa sababu najua kati yenu wapo wa aina yangu, wanaorudi usiku kichwani kuhesabu kama walikaza kila kitu. Si ugonjwa mbaya katika kazi hii. Ila una hila zake, na mtaziona.

Miaka ile watu waliiita enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kabla yake, ukihitaji filta ya dizeli uliosha ile ya zamani kwa mafuta ya taa, ukaipuliza, ukairudisha, ukamwachia Mungu. Gasketi tulikata kwa maboksi. Kisha maduka yakajaa kama mchezo. Filta za kila rangi, zimefungwa nailoni, zinang'aa. Nilikata baadhi yake nione ndani, nikakuta karatasi laini kama ya kufungia maandazi. Dizeli ikaanza kuuzwa kwenye mapipa kando ya barabara. Magari makuukuu ya serikali yakapigwa mnada, na watu ambao juzi walibeba ndizi kichwani wakawa wenye malori. Kazi zikatujia kwa fujo. Kila gari lililopanda kuelekea Ngaramtoni kwa kusuasua liliishia uani kwetu, na malalamiko yalikuwa yale yale: fundi, halina nguvu.

Mengine hayakuwa na ugonjwa wowote. Mwalimu mmoja wa kule Makumira aliniletea gari lake la dizeli, akasema tangu wiki iliyopita halipandi hata tuta. Nikafungua kila kilichofunguka. Filta safi, nozeli safi, kichujio cha hewa safi. Siku ya pili nikaingia ndani nikakanyaga pedeli ya mafuta, nikaona inaishia njiani. Mke wake alikuwa amemnunulia zulia jipya la kutandika miguuni, zito, lenye maua. Injini haikupoteza chochote. Ni zulia lililoizuia pedeli isifike chini. Nililitoa, likapanda tuta. Mwalimu akaniomba nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu, mpaka leo hii.

Koplo sasa. Lilikuwa lori la jeshi la zamani, pua ndefu, ekseli tatu, tairi zote zinavuta, na tangi la bati pana lililoning'inia ubavuni kama begi. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu baada ya mnada, lakini kila lilipokwaruzwa, kijani kilichungulia. Dereva wake, Mzee Mbise, Mmeru wa kule juu Akeri, aliendesha malori ya aina hiyo hiyo jeshini mpaka alipostaafu, kwa hiyo sote tulimwita Afande. Yeye ndiye aliyelipa lori jina. "Limetumika miaka yote na halijapanda cheo," alisema. "Hili ni koplo, na litakufa koplo." Afande alivaa shati lililochomekwa na viatu vilivyong'arishwa hata siku ya kupakia kabichi.

Mwenye lori alikuwa Mama Aika, mama wa Kimachame aliyeletwa Arusha na ndoa na kubakizwa na biashara. Alinunua kabichi, viazi na ndizi kwenye miteremko ya Meru, akavipeleka Namanga. Mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kukasirika. Bosi ni yeye, lakini Afande alimzidi umri kwa mbali, na kila asubuhi nilimsikia getini: "Shikamoo, Afande." Naye anabana visigino, anapiga saluti ya utani: "Marahaba, bosi." Ndivyo siku ilivyoanza pale kwetu. Ukisikia saluti, unajua chai imeiva.

Mara ya kwanza Koplo kuugua, ugonjwa ulikuwa wa kawaida. Nikafungua kikombe cha chini ya filta, nikakuta kutu, maji, na uchafu mweusi kama matope ya mtoni. Filta yenyewe ilikuwa ya zile za karatasi ya maandazi. Walikuwa wamejaza dizeli ya pipa njiani. Nikanusa vidole, nikasema kwa sauti, kama fundi anavyojisemea mwenyewe akiwa kazini: "Hapa kuna harufu ya mafuta ya taa."

Mama Aika alikuwa nyuma yangu. Sikumwona.

Enzi hizo kila mwenye lori aliota ndoto moja mbaya: dereva anauza dizeli njiani, anajazia mafuta ya taa. Ilitokea kweli kwa wengi. Mimi nilimaanisha pipa, yeye akasikia dereva. Kuanzia hapo alilipeleka lori mwenyewe kituo cha mafuta, akajaza tangi mpaka shingoni, akafunga kifuniko, kisha lori liliporudi uani akatoa mshumaa na kiberiti ndani ya pochi. Alidondosha nta kuzunguka kifuniko chote, na kabla haijaganda akaigandamiza kwa kifungo cha koti, chenye matundu manne. Ule ukawa muhuri wake. Lori likirudi kutoka safari, kitu cha kwanza ni kuinama kwenye tangi na kutazama yale matundu manne.

Na shikamoo ikakoma. Asubuhi alisema, "Habari, dereva." Afande akajibu, "Nzuri, mama," mikono ikiwa imening'inia ubavuni. Kwa mtu wa umri wake, mbele ya matingo wanaopakia mizigo na mafundi, hilo lilikuwa kofi la shavuni. Sote tukajifanya hatujasikia.

Ndipo ugonjwa wa pili ulipoingia, na huu haukufanana na ule wa kwanza. Koplo lilitoka sokoni Tengeru na mzigo, likapita mjini vizuri, likafika Ngaramtoni vizuri. Likianza kile kilima cha kuelekea Oldonyo Sambu, linafifia. Afande alinieleza akiwa amesimama wima kama anatoa taarifa.

"Halikohoi. Halitoi moshi. Linachoka tu, fundi. Nikisimama nikavuta sigara polepole, linapona. Nikienda kidogo, tena linachoka."

"Na kurudi?"

"Kurudi halina shida. Na kuna jambo jingine, lakini utanicheka."

"Sema, Afande."

"Likishiba ndiyo linachoka mapema. Tangi likiwa limejaa halifiki mbali. Likibaki nusu linavumilia."

Mama Aika alikuwa kwenye benchi akimenya chungwa. Alicheka mpaka maganda yakamdondoka. "Hebu Tena, umesikia? Gari inachoka ikishiba! Si angesema tu imerogwa, tukaita mchungaji."

"Mama, nasema nilichokiona."

"Wewe sema ulichokiuza."

Afande aliinama, akafuta vumbi kwenye kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Sasa sikilizeni nilivyofanya kazi, maana nilifanya kazi nzuri sana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mimi nilikuwa na utaratibu. Kabla ya kulijaribu gari lolote la dizeli barabarani, nilianzia kwenye tangi. Nilikuwa na kijiti cha mwanzi, nimekichonga mwenyewe, nimekitia alama kwa moto. Nilikizamisha, nikatazama kimo, nikanusa, nikasugua tone kati ya vidole nione kama lina mchanga. Kwa hiyo nilimwita Mama Aika avunje muhuri, nikapima. Dizeli safi. Nikapakia magunia ya mawe, nikapanda na Koplo mpaka juu ya Ngaramtoni na zaidi. Likapanda likiimba. Hebu tena. Likapanda. Nikarudi nikasema gari ni zima. Mama Aika akajazia dizeli iliyopungua, akaweka muhuri wake, Afande akaenda na kabichi, likachoka kilimani.

Nikabadilisha filta kwa nyingine niliyoikagua. Nikakagua mabomba ya mafuta yote, kiungo kwa kiungo, kama kuna mahali panavuta hewa. Nikaosha kichujio cha hewa. Nikapima vali. Nikagusa magurudumu kwa kiganja baada ya safari nione kama kuna breki inayokwama na kuchemka. Kila nilipomaliza nilimwita Mama avunje muhuri, nikapima mafuta kwa kijiti, nikapanda mlima. Zima. Kila alipokwenda Afande, gonjwa. Matokeo yangu yalikuwa safi kabisa, na kadiri yalivyokuwa safi ndivyo Mama Aika alivyozidi kuwa na hakika.

"Mimi sikusoma ufundi," aliniambia, "lakini hesabu hii ni ya mtoto. Ikiwa na wewe ni nzima. Ikiwa na yeye ni mgonjwa. Mgonjwa ni nani hapo?"

Nilijua kwamba wenye malori wa mji huu walijuana wote. Dereva akifukuzwa kwa habari ya mafuta, hakuna atakayempa usukani mwingine. Afande angerudi Akeri kwenye migomba yake na jina la mwizi, na jina hilo lingekuwa limepigwa muhuri na vipimo vyangu.

Nikafungua pampu ya sindano za mafuta, nikaifunga kwenye khanga ya mke wangu kama mtoto mchanga, nikaipeleka mtaa wa Unga Limited kwa Mzee Salimu. Huyu alikuwa fundi wa pampu na nozeli tu, hakugusa kitu kingine. Aliketi kwenye kigoda chake, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, na alikuwa na tabia ya kuongea na pampu badala ya kuongea na wewe. Aliifunga kwenye mashine yake ya kupimia, akaizungusha, akatazama vichupa vikijaa sawasawa.

"Wewe huna neno," aliiambia pampu. "Nani kakuleta hapa? Huyu? Huyu ana neno yeye." Kisha akanigeukia. "Mafuta umeyafuata kuanzia wapi?"

"Tangini, mzee. Kama unavyotuambia siku zote."

"Ulifanyaje tangini?"

"Nikafungua, nikapima kwa kijiti, nikanusa, nikafunga."

"Na dereva akiondoka na mzigo, naye hufungua, hupima, hunusa?"

"Hapana. Haruhusiwi kufungua."

Mzee Salimu aliitoa pampu kwenye mashine, akaikausha, akaifunga kwenye khanga vilevile nilivyokuja nayo. "Basi hujapanda gari la dereva. Umepanda gari lako."

Hakujua jibu, na hakujifanya analo. Lakini nilirudi Daraja Mbili kwa miguu na ile pampu begani nikiwaza maneno hayo, na niliona aibu ambayo si ya kukosea. Ilikuwa aibu ya kuwa sahihi mahali pasipotakiwa.

Nilipomwambia Mama Aika nataka kupanda safari ya kweli, akaniambia nimechelewa kidogo, ameshaamua. "Naingia mwenyewe ndani ya gari. Ikisimama kilimani, Mzee Mbise ananikabidhi ufunguo palepale. Sitaki maneno tena."

"Sawa. Ila muhuri usiuvunje asubuhi. Safari hii sipimi kitu."

Akanitazama kama nimesema siendi kuoga tena. "Wewe? Hupimi?"

"Sipimi."

Asubuhi ile ilikuwa mateso yangu. Nilizunguka lori mikono ikiwa imefichwa makwapani. Sikufungua, sikunusa, sikujua kilichomo ndani ya tangi. Kijiti nilikibeba hata hivyo, nikakificha kwenye mfuko wa ovaroli. Afande alikuja viatu vinang'aa. Siku zote ufunguo wa Koplo ulikaa kwenye kamba moja na ufunguo wa nyumba yake. Leo aliuleta peke yake. Alikuwa ameutoa kwenye kamba mapema, ili asihangaike kuutoa mbele ya watu.

"Habari, dereva," alisema Mama Aika akipanda katikati yetu.

"Nzuri, mama."

Kabichi zilirundikwa mpaka juu, turubai limefungwa, tukaondoka. Meru ilikuwa wazi kuanzia chini hadi ncha, ubaridi ukipenya kwenye sakafu ya bati. Mama Aika alijaribu kuimba wimbo wa kwaya, akaacha. Tukapita Ngaramtoni, ng'ombe na wafugaji wakielekea mnadani wakitukatiza njia, Afande akisubiri kila ng'ombe apite bila kupiga honi. Halafu kilima.

Nilisikia kabla sijahisi. Sauti ya injini ilianza kupungua kimo, kama mtu anayesoma kwa sauti kisha anaanza kusoma moyoni. Afande akashusha gia. Likavumilia kidogo, likafifia tena.

"Haya, mchezo umeanza," alisema Mama Aika.

"Mama, tazama mguu wangu. Pedeli iko chini kabisa."

Niliinama nikatazama. Nilishafundishwa na zulia. Pedeli ilikuwa imegusa bati. Nikatoa kichwa dirishani nitazame bomba la moshi, na hapa ndipo nataka muweke akili. Injini ya dizeli inayonyimwa hewa hutoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta yanaingia na hayaungui yote. Injini inayonyimwa mafuta haina cha kutoa. Nyuma yetu hapakuwa na moshi wowote. Mama alikuwa amejaza tangi mpaka shingoni, kwa hiyo mafuta yalikuwemo na hayakuwa yakifika.

Likasimama. Afande akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi mbele ya Mama Aika. Aliuweka taratibu, bila kishindo, akatazama mbele.

"Usiuchukue bado," nilisema. "Mama, nakuomba. Bado."

Nikateremka. Kikombe cha filta kilikuwa safi. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikaanza kupiga pampu ndogo ya mkono. Ikawa nzito, mafuta yanakuja kwa shida, kama kunyonya soda kwa mrija uliobanwa. Kitu kilikuwa kinayashikilia upande wa pili. Nikafuata bomba kwa mkono, kiungo kwa kiungo, mpaka kwenye tangi. Mkono wangu wa kulia ukaingia mfukoni kutafuta kijiti. Wenyewe, bila kuulizwa. Nilikuwa nimeshafumbua mdomo nimwite Mama avunje muhuri.

Nikasimama hapo na kijiti mkononi.

Hili ndilo nililofanya kila mara. Na kila mara gari lilipona.

Nikakirudisha kijiti. Nikalitazama tangi badala ya kulifungua. Ubavu wake, ambao gereji ulikuwa umenyooka kama ubao, ulikuwa umebonyea ndani, kama shavu la mtu anayenyonya. Nikaweka sikio kwenye kifuniko. Chini ya nta palikuwa na mluzi mwembamba, mwembamba sana.

"Mama Aika, shuka kidogo. Afande, na wewe njoo."

Wakaja. Nikamwonyesha ule muhuri. "Huu ni wako?"

Akainama, akagusa matundu manne kwa kidole. "Ni wangu."

"Umeguswa?"

Akaizunguka nta yote kwa macho. "Haujaguswa."

"Basi mwizi hayupo. Ufungue mwenyewe."

Alibandua nta kwa ukucha, akashika kifuniko, hakikuzunguka. Akakishika kwa mikono miwili. Kilipolegea, tangi lilivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyezama akatoa kichwa nje ya maji, na ubavu wa bati ukaruka kurudi mahali pake kwa kishindo. Mama Aika akarudi nyuma, mkono kifuani. "Yesu wangu!"

"Ni Koplo tu, mama," alisema Afande. "Ulikuwa umemziba pua."

Kifuniko cha tangi, vijana, kina tundu dogo. Watu hawalioni. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie ichukue nafasi yake. Isipoingia, tangi linaanza kuyavuta mafuta yake lenyewe, na pampu inashindwa. Nta ya mshumaa ilikuwa imeliziba tundu lile barabara. Likisimama kwa muda, hewa kidogo inajipenyeza, linapona. Na likijazwa mpaka shingoni, hakuna nafasi ya hewa ya kutanuka ndani, kwa hiyo linakabwa mapema. Likibaki nusu, hewa iliyomo inavumilia kidogo, ndiyo maana kurudi bila mzigo hakukuwa na shida. Afande alikuwa ametueleza yote hayo uani, neno kwa neno, akachekwa. Na mimi kila nilipolipima nililiponya, na kila nilipoliponya nilimfunga yeye.

Baadaye nilitengeneza kufuli ya mnyororo isiyogusa tundu, na Mama Aika akaikubali. Lakini pale kilimani hatukuwa na mnyororo. Nilitoa sindano kwenye kola ya ovaroli, nikazibua tundu, nikapuliza, nikafunga kifuniko, nikapiga ile pampu ya mkono mpaka mafuta yakaja bila shida, nikakaza skrubu. Mama Aika alikuwa ameshika vipande vya nta kiganjani, hajui avitupe wapi. Akavitia kwenye pochi pamoja na mshumaa. Akapanda kabini, akachukua ufunguo juu ya dashibodi, akashuka nao.

Afande alinyoosha mgongo. Nadhani bado hakuwa na hakika.

Mama Aika akampa ufunguo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, na akapiga goti kidogo, pale pale kando ya barabara, malori mengine yakipita.

"Shikamoo, Afande."

Yeye hakupiga saluti. Aliupokea ufunguo kwanza. "Marahaba, mama. Panda. Kabichi zinanyauka."

Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza. Nilikuwa bado nje, kiganja juu ya tangi, nikisikiliza. Afande akatoa kichwa dirishani, na nikaona ule uso wa zamani wa utani umerudi.

"Fundi! Hebu tena?"

"Hapana, Afande," nilisema. "Inatosha. Twende."